Nani Apange Sauti za Gitaa Letu?

Wako watu ambao, litajwapo neno utamaduni, fikira zao hukimbilia kwenye ngoma za jadi, vinyago na methali. Gitaa la umeme hulikubali kwa shingo upande, kwa kuwa limekwisha kaa nasi muda mrefu mno hata haiwezekani tena kulifukuza. Lakini lile sanduku likuzalo sauti ya gitaa hawalitazami kabisa. Hilo, kwao, ni jambo la fundi. Naandika makala haya kwa sababu naamini kuwa wamekosea, na kuwa kosa lao, likichanganyika na uvivu wetu sisi wapigaji wenyewe, linaufuta polepole muziki wa dansi tuliorithishwa.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe. Amplifaya za zamani, zile za valvu na baadaye za transista, zilikuwa na vifundo vichache: cha ukubwa wa sauti, cha sauti nzito, cha sauti nyembamba, na pengine kimoja cha mwangwi. Mpigaji alivizungusha kabla ya dansi kuanza akaviacha hapo mpaka usiku wa manane. Mwaka 1996 kampuni ya Line 6 ya California ilitoa AxSys 212, amplifaya iliyokuwa na kompyuta ndani yake, na kazi ya kompyuta hiyo ilikuwa kukokotoa tabia za amplifaya mashuhuri za zamani na kuziiga. Mwaka 1998 kampuni hiyo hiyo ikatoa POD, kijisanduku chekundu chenye umbo la haragwe, kilichoweza kukumbuka sauti 36 katika mafungu 9, kila fungu sauti 4. Fender Mustang III iliyotoka mwaka 2010 ilikuwa na nafasi 100. Siku hizi nyingi huunganishwa na simu ya mkononi, na mwenye nayo aweza kupakua kutoka mtandaoni maelfu ya sauti nyingine zilizotengenezwa na watu asiowajua wala kuwaona.

Kila mpango wa sauti uliohifadhiwa kwa namna hiyo huitwa priseti. Nataka neno hili lifahamike barabara, maana ndipo palipo na mgogoro wote. Priseti si sauti. Ni orodha ya maagizo: igwe amplifaya gani, nguvu iingiayo iwe kiasi gani, sauti nzito, ya kati na nyembamba ziwe wapi, mwangwi uwepo au usiwepo na uwe wa urefu gani, na mwishoni yote yatoke kwa ukubwa upi. Mpigaji akanyagapo kitufe kilicho miguuni pake, maagizo yote hayo hutekelezwa kwa mara moja. Kwa maneno mengine, priseti ni uamuzi uliokwisha fanywa. Swali ni moja tu: umefanywa na nani?

Fungua amplifaya mpya utazame. Katika orodha ya POD kulikuwamo Brit Blues, Brit Classic na Brit Class A, na neno Brit lilimaanisha Uingereza. Black Panel ilikuwa fumbo la Fender za Marekani za miaka ya 1960. Vyombo vingi vilivyofuata viliendelea na desturi hiyo. Ni ramani nzima ya dunia, ila ni dunia yenye nchi mbili. Siwalaumu waliotengeneza. Mtu akaaye California hutengeneza kwa masikio ya California, kwa ajili ya nyimbo alizokua akizisikia, na hilo ni haki yake. Lawama namwekea yule anunuaye chombo hicho Kariakoo, akakaa nacho miaka mitano, na siku ya kukiuza bado nafasi ya kwanza ni ile ile aliyoikuta, kwa jina lile lile, kwa mpango ule ule.

Wazee wetu hawakuwa na kompyuta, lakini walielewa kuwa sauti ya bendi ni mali, na kwamba mali hupewa jina. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Mlimani Park na Sikinde, Western Jazz na Saboso, Vijana Jazz na Pamba Moto, Maquis na Kamanyola. Huo ulikuwa mtindo. Wengi wa leo hudhani mtindo ulikuwa hatua za kucheza tu. Hatua zilikuwamo, lakini mtu aliyesimama nje ya ukuta wa ukumbi, ambaye hakumwona mchezaji hata mmoja, alijua ni bendi gani ipigayo ndani, na alijua kwa kusikia magitaa kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Alichokisikia ni namna magitaa yalivyogawana nafasi.

Hapa lazima nieleze kidogo, kwa ajili ya wasomaji wasiopiga. Katika dansi letu magitaa matatu au manne hupigwa kwa pamoja. Solo hutembea juu, solo la pili hulijibu, rithimu husuka katikati, na besi huzungumza na ngoma. Hakuna hata moja linalokusudia kuujaza ukumbi peke yake. Kila moja hukubali kuwa jembamba, ili mwenzake apate pa kupita. Sauti ni safi, haikwaruzi, na kila noti huanza na kwisha mahali panapojulikana. Ukilisikiliza gitaa la rithimu peke yake waweza kuliona maskini, limekauka, halina nyama. Likae katikati ya wenzake ndipo utakapojua kwamba nyama zote za wimbo zimening'inia juu yake.

Sasa ichukue priseti ya kiwandani. Hiyo imetungwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyesimama peke yake dukani, na ambaye kwa dakika chache lazima ashawishike kutoa fedha zake. Kwa hiyo imenenepeshwa. Imejazwa sauti nzito chini, ikatiwa makali juu, ikavikwa mwangwi mrefu kama wa kanisa, na mara nyingi ikaongezewa mtikisiko ili ionekane pana. Kwa mtu mmoja inapendeza kweli kweli. Wape wapigaji watatu priseti tatu za namna hiyo kwa wakati mmoja. Unene wa solo utaingia katika nyumba ya besi, mwangwi wa rithimu utamfunika solo la pili, na mwimbaji maskini atabaki akipiga kelele ili asizame. Halafu mtasema fundi wa mitambo hajui kazi. Fundi afanye nini? Amekabidhiwa ugali, wali na chapati katika sahani moja akaambiwa aandae karamu.

Nilipata kushuhudia jambo hili kwa karibu, katika bendi ambayo sitaitaja na ambayo nilikuwa nikiishikia gitaa la rithimu kwa muda. Alijiunga nasi kijana mwenye vidole vya ajabu. Amplifaya yake ilikuwa na sauti zaidi ya mia, na alizihesabu mbele yetu kama mtu ahesabuye ng'ombe. Tulipofika wimbo wa tatu, mwimbaji akiwa katikati ya ubeti wenye huzuni, kijana akataka kurudi kwenye sauti safi. Akakanyaga. Ikatoka sauti ya kukwaruza, kali, na mwangwi ukiifuata kama treni ikatavyo daraja. Akakanyaga tena; ikatoka nyingine mbaya zaidi. Ikawa yuko chini, ameinama, asoma vioo vidogo gizani, na ule ubeti wote ukapigwa bila solo. Wachezaji walisimama wakatutazama. Baadaye, tukiwa nje, mzee wetu wa besi alimwuliza, "Mwanangu, katika hizo mia, ngapi wazifahamu kwa majina?" Akajibu, "Mzee, naifahamu ile ya kumi na saba, na ile ya arobaini na mbili." Mzee akasema, "Basi unazo mbili. Zile nyingine ni za wenyewe."

Ni kweli, kijana alikosea, lakini hakuna aliyekuwa amemfundisha. Tunamfundisha mpigaji mikao ya vidole, tunamfundisha ngazi za noti, na tukishampa chombo chenye nafasi mia tunamwacha apotee humo kama mtu aliyetupwa katika bohari lisilo na taa. Kupanga sauti ni sehemu ya upigaji. Nami nitasema jinsi ninavyoona yafaa zipangwe, na asiyekubaliana nami aandike yake.

Kwanza kabisa, kufuta. Mpigaji wa dansi hahitaji sauti mia. Anazohitaji kwa usiku mzima hazizidi nane, na akiwa mkweli na nafsi yake ataona ni nne. Nafasi ya kwanza ya kila fungu iwe ile sauti kavu ya kuimbia, ambayo mpigaji hurudi kwayo kila mara, na iwe hapo hapo katika kila fungu, ili mguu usilazimike kufikiri. Karibu yake ikae ya chemko, pale wimbo unapopanda na magitaa yakaachiwa uwanja: sauti ni ile ile, ila imesogezwa mbele kidogo na sauti ya kati imeongezwa ili solo ipenye. Zingatia kwamba sikusema sauti nyingine. Kosa kubwa la wengi ni kudhani kwamba chemko ni mahali pa kubadili mavazi yote. Msikilizaji ataka kumwona mtu yule yule akisimama, si mtu mwingine akiingia. Nafasi ya tatu na ya nne ziwe za mahitaji ya wimbo wenyewe, kama vile mwangwi mfupi wa kurudia kwa utangulizi fulani.

Sababu ya kusisitiza ujirani huu ni ya mwili, wala si ya falsafa. Katika pedali nyingi, kutoka nafasi moja hadi nyingine ya fungu lile lile ni mkanyago mmoja. Kutoka fungu hadi fungu ni mikanyago miwili au mitatu. Chemko haimngoji mtu. Sauti mbili zinazofuatana katika wimbo zisitenganishwe na fungu, hata kama zimetofautiana kama usiku na mchana. Na anayetumia pedali ya kampuni moja kuiita amplifaya ya kampuni nyingine kwa njia ya MIDI, utaratibu ule uliokubaliwa na watengenezaji mwaka 1983, ajihadhari: nafasi ni 128, lakini vyombo vingine huanza kuhesabu kwenye 0 na vingine kwenye 1. Wangapi wamelaani waya kumbe ni hesabu!

Halafu ukubwa. Hili ndilo linalowaumbua wengi, nami nitakaa hapa kidogo. Mpigaji hutengeneza sauti zake chumbani usiku, kwa sauti ndogo ili asiwaamshe majirani. Anaziona tamu. Akifika ukumbini na kuzifungulia, zinakuwa nzito na zenye kuchoma masikio kwa wakati mmoja. Anaishutumu amplifaya. Lakini Fletcher na Munson wa maabara ya Bell huko Marekani walikwisha onyesha mwaka 1933 kuwa sikio la mwanadamu halisikii sawasawa: sauti ikiwa ndogo, sikio hupungukiwa na zile nzito na zile nyembamba, na huzirudishia kadiri sauti inavyokua. Kwa hiyo kule chumbani mpigaji alikuwa akizijazia pengo ambalo ukumbini halipo. Dawa yake ni moja. Sauti za ukumbini zipangwe ukumbini, mchana, bendi nzima ikipiga, kwa ukubwa ule ule wa usiku. Na zisipangwe na mpigaji peke yake. Solo ashushe unene mpaka besi aseme basi. Rithimu apunguze mwangwi mpaka solo la pili aseme sasa nasikika. Hivi ndivyo mtindo ulivyozaliwa zamani, ingawa hakuna aliyeuita mpango wa sauti.

Jina nalo lina kazi yake. Kwenye kijioo cha amplifaya kuna nafasi ya herufi chache, nasi tumeacha humo maneno ya watu wengine. Kwa nini isiandikwe KAVU, CHEMKO, UTANGULIZI? Kwa nini fungu zima lisibebe jina la mtindo wa bendi? Wapo watakaocheka kuwa hili ni jambo dogo. Lakini mpigaji wa akiba aliyeitwa ghafla, mwenzake akiwa mgonjwa, ataelewa KAVU mara moja. Ile nambari 42 haitamwambia neno.

Nimesikia hoja mbili dhidi ya mawazo haya. Ya kwanza husema chombo chote ni cha kigeni, kwa hiyo ni upuuzi kutafuta utaifa ndani yake. Anayetaka sauti ya taifa na arudi kwenye zeze na marimba. Hoja hii inasikika kuwa ya kizalendo, lakini ikifuatwa itatunyang'anya Mbaraka Mwinshehe, itatunyang'anya Michael Enoch, itatunyang'anya nusu karne ya dansi, maana magitaa yao nayo hayakuchongwa Morogoro wala Ilala. Mwalimu Nyerere alipotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana bungeni mwezi Desemba 1962, alisikitika kwamba tulikuwa hodari wa kucheza rumba na chachacha kuliko ngoma zetu, lakini hakusema tujifungie. Alikubali taifa lijifunze kwa wengine, bila kuacha lililo lake. Gitaa lilikuwa geni, likafundishwa kuzungumza. Amplifaya ya kidijitali nayo ni geni. Haijafundishwa, hiyo ndiyo tofauti.

Ya pili ni nzito zaidi, nami naiheshimu. Wazee wengi husema: sauti iko vidoleni. Mpe fundi wa kweli sanduku lolote, atatoa sauti yake. Hili ni kweli, na nimeliona. Lakini hao wanenao hivyo walipiga amplifaya zenye vifundo vinne, ambazo hazikuwa na rai yoyote ya kuwapinga. Chombo cha leo kina rai. Kikiachwa kama kilivyo, kitachukua mguso mwepesi wa kidole, kitaubana, kitaukuza, kitaupaka mwangwi, na mguso mzito utatoka ukiwa sawa na ule mwepesi. Mpigaji aliyekaa miaka kumi na priseti ya namna hiyo huacha kubadili mguso, kwa kuwa haumletei faida. Hapo si sauti peke yake iliyopotea. Kidole nacho kimesahau.

Kuna pia kundi la vijana wenye nia njema ambao hujaribu kutengeneza priseti zinazofanana kabisa na kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam. Nawapongeza kwa kusikiliza. Hata hivyo wajue kwamba wanachokisikia katika kanda zile si gitaa peke yake. Ni gitaa, na chumba cha studio, na vipaza sauti, na utepe, na miaka iliyopita juu ya utepe huo. Ukiyaiga yote ndani ya amplifaya, kisha ukaipiga katika ukumbi wa leo, utapata gitaa lisikikalo kama redio iliyowekwa chumba cha pili. Igeni mgawanyo wa nafasi baina ya magitaa. Utepe uacheni ulale.

Linabaki suala la milki, ambalo viongozi wa bendi hawajaligusa. Zamani vyombo vingi vilikuwa mali ya vyama, mashirika na majeshi, nao wapigaji walihama mikono mitupu. Mwaka 1985 wapigaji na waimbaji kadhaa wa Mlimani Park walipohamia Orchestra Safari Sound, Sikinde ilibaki ilikokuwa na huko waendako wakatunga Ndekule. Amplifaya zilizoachwa hazikuwa na siri yoyote ndani yake. Leo siri imo. Nimeona mpigaji aliyegombana na mwenye bendi akabonyeza vitufe viwili na kukirudisha chombo katika hali ya kiwandani, na kazi ya miaka minne ya watu sita ikatoweka kabla hajafika mlangoni. Nimeona pia, bila ugomvi wowote, programu ya amplifaya ikisasishwa na kila kilichohifadhiwa kikafutika, kwa kuwa hakuna aliyetunza nakala. Bendi iliyotunza mashati yake ya sare kwa funguo mbili haikuwa na mahali hata pamoja ilipoandika sauti zake.

Nakala ya kompyuta ni ya lazima, lakini haitoshi, maana faili la kampuni moja halisomwi na chombo cha kampuni nyingine, na vyombo hivi huzeeka upesi. Kila bendi iwe na daftari la sauti. Kwa kila wimbo iandikwe: gitaa lililotumika, sauti iliyochaguliwa, mahali pa kila kifundo, ukubwa wake ukilinganishwa na ile kavu, wakati wa kukanyaga, na maneno mawili matatu ya kibinadamu kueleza inavyotakiwa isikike. Pamoja na daftari irekodiwe dakika moja ya kila gitaa likipiga peke yake. Atakayekuja miaka ishirini baadaye, na sanduku ambalo hatujaliona bado, ataweza kuanzia hapo.

Ningependa taasisi zetu za sanaa, kama TaSUBa kule Bagamoyo na chuo cha muziki cha Zanzibar, zilihesabu daftari hilo kuwa sehemu ya mtihani wa mpigaji gitaa: aingie na chombo kilichofutwa kitupu, apewe wenzake watatu wa kupiga nao, na kabla ya jua kutua awe amepanga sauti nne, ametaja sababu ya kila moja, na wenzake wamekubali kuwa wanasikika.